Ndege wa Tunduni Naye Ana Usiku Wake

Ukikaa barazani Unguja au Pemba na mazungumzo yakaangukia ndege wa kufuga, haichukui muda swali hili kuzuka: mbona ndege wangu halali? Mmoja ana kasuku wadogo wa rangi rangi, wale wenye asili ya Australia, wanaopiga kelele mpaka usiku wa manane. Mwengine ana chiriku aliyeacha kuimba. Wa tatu ana kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu anayejinyonyoa manyoya kifuani. Majibu nayo hayakosekani. Yupo atakayesema tundu lifunikwe gubigubi, yupo atakayesema kulifunika ni kumdhulumu kiumbe, yupo atakayeapa kwamba ndege hana usingizi kabisa, na hakosi wa kusema kuna kitu kinamchezea usiku. Baadhi ya majibu haya yana ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaowaponza ndege wengi majumbani mwetu.

Tuwekane sawa kwanza. Ndege ninaowazungumzia ni wale tunaoishi nao: kasuku wa kila aina, chiriku, na kwa sehemu kubwa hata njiwa na kuku wa uwani, maana miili yao inafuata kanuni ile ile ya mchana na usiku. Bundi hawamo, wao riziki yao iko gizani. Na nikisema usingizi sikusudii kutulia tu. Ndege anaweza kukaa kimya juu ya kijiti saa nzima huku yuko macho kama mimi na wewe. Usingizi ni pale misuli inapolegea, ubongo unapopunguza kazi na mwili kupata nafasi ya kujitengeneza. Kasuku, mkubwa kwa mdogo, anahitaji saa 10 hadi 12 za giza na utulivu mfululizo ili apate usingizi wa kumtosha. Neno la kushika hapo ni mfululizo. Saa tano usiku na lepe moja mchana havimfidii.

Sasa tazama tulipo. Visiwa vyetu viko nyuzi 5 hadi 6 na kidogo kusini ya ikweta. Jua linazama baina ya saa 12 na robo jioni na saa 1 kasorobo, mwaka mzima, na linachomoza karibu na saa 12 asubuhi au nusu saa baadaye. Maana yake ndege wa hapa anapewa usiku wa saa 12 hivi bila ya sisi kufanya lolote. Anayefuga ndege Ulaya hana budi kupigana na jua la kiangazi linalochelewa kuchwa. Sisi hatuna shida hiyo. Shida yetu iko ndani ya nyumba.

Ikifika magharibi taa zinawashwa. Udi unafukizwa, watoto wanafungua madaftari, baada ya isha wanaingia wageni, televisheni iko na taarifa ya habari kisha mpira wa Ulaya. Na tundu limewekwa wapi? Ukumbini, kwa sababu ndege ni pambo la nyumba na kila mgeni anataka kumsikia. Taa ya ukumbini inazimwa saa 5, pengine saa 6. Alfajiri mapema kunguru wameshaanza zogo lao juu ya mwembe, hawa kunguru wa Kihindi walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 wasaidie kula takataka na sasa wamejaa kila mtaa. Ndege wa tunduni anaamka nao. Hesabu mwenyewe: amepata saa tano, sita zikizidi. Asubuhi akiwa mkali, akiuma kidole cha anayemlisha, watu husema ana tabia mbaya.

Jicho moja wazi

Dhana ya kwamba ndege halali imetokana na jambo ambalo watu wameliona kweli. Umepita usiku wa manane, ukamkuta kasuku kajikunyata, jicho moja limefumba na la pili linakutazama. Ukasema, huyu hajalala.

Amelala, ila nusu. Ndege ana uwezo ambao sisi hatukujaaliwa: upande mmoja wa ubongo unaweza kulala huku wa pili uko macho, na jicho linaloongozwa na upande ulio macho hubaki wazi. Ni kama mabaharia wawili katika jahazi la usiku baina ya Mkoani, Pemba, na bandari ya Malindi, Unguja: mmoja kajilaza, mwengine kashika usukani, kisha wanapokezana.

Mwaka 1999 mtafiti Niels Rattenborg na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya bata waliolala kwa safu. Bata waliokuwa ncha za safu walilala usingizi huu wa nusu zaidi kuliko wale wa katikati, na jicho walilolibakisha wazi lilielekea nje, kule ambako adui angetokea. Mimi nauona uchunguzi huu kuwa ndio wenye faida kubwa kwa mfugaji wa nyumbani, kwa sababu unajibu swali la tundu liwekwe wapi. Tundu linaloning'inia katikati ya ukumbi, wazi pande zote, linamfanya ndege awe bata wa nchani kila usiku. Lisogeze ukutani. Upande mmoja ukifungwa na ukuta, na wa pili ukifungwa na pembe ya chumba, ndege anabaki na pande mbili tu za kuzilinda, na anathubutu kufumba macho yote mawili.

Mwaka 2016 Rattenborg na wenzake walitoa matokeo mengine, safari hii juu ya ndege wakubwa wa baharini wa visiwa vya Galápagos wanaoruka siku nyingi bila ya kutua. Wakiwa angani walilala wastani wa dakika 42 tu kwa siku. Wapo wanaolichukua hilo kuwa ushahidi kwamba ndege anaweza kuishi bila ya usingizi, lakini wanaiacha nusu ya pili ya habari: ndege hao hao wakirudi nchi kavu walilala zaidi ya saa 12 kwa siku. Walivumilia kwa kuwa bahari haina pa kutua, si kwa kuwa hawakuhitaji.

Na kazi inafanyika ndani ya usingizi huo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionesha mwaka 2000 kwamba kwa aina moja ya ndege wadogo waimbaji wa Australia, seli za ubongo zinazoongoza wimbo hufanya kazi wakati wa usingizi kwa mpangilio unaofanana na ule wa mchana ndege anapoimba. Ndege anadurusu wimbo akiwa amelala. Kwa hivyo mwenye chiriku aliyenyamaza, akishahakikisha kwamba si mgonjwa na si wakati wake wa kupukutisha manyoya, aangalie usiku wake ukoje kabla ya kumbadilishia chakula.

Mwangaza unapita fuvuni

Hapa ndipo pagumu kidogo, lakini pakieleweka mengine yote yanajipanga yenyewe.

Sisi mwangaza tunaupokea kwa macho. Ndege anaupokea kwa macho na pia kwa ubongo wenyewe: ndani ya kichwa chake zimo seli zinazohisi mwangaza unaopenya manyoya, ngozi na fuvu jembamba. Mwanasayansi wa Kifaransa Jacques Benoit alilionesha hilo kwa bata katika miaka ya 1930. Hata bata wasio na macho miili yao iliitikia urefu wa mchana. Kwa hivyo ndege aliyefumba macho chini ya balbu ya ukumbini bado mwili wake unaambiwa ni mchana. Homoni ya usiku, melatonini, ambayo hutoka giza linapoingia, inacheleweshwa.

Kisha kuna jambo la mayai. Kwa ndege wengi mchana mrefu ni habari kwamba msimu wa kuzaa umefika. Wafugaji wa kuku wa mayai wanalijua vizuri, ndiyo maana huwaongezea taa mpaka mwangaza ufike kama saa 16 kwa siku ili watage bila ya kupumzika. Sasa kasuku wa ukumbini anayechomozewa na jua saa 12 na robo asubuhi na kuzimiwa taa saa 5 usiku anapata karibu saa 17. Bila ya kukusudia umemfanya kuku wa biashara. Ikiwa ni jike ataanza kutaga hata kama hana dume, yai baada ya yai, huku kalisi ikiondoka mifupani mwake. Yai linaweza kumkwama akafa. Ikiwa ni dume atapiga kelele, atalinda tundu kwa ukali, atajinyonyoa manyoya. Mara nyingi dawa ya kwanza ya hali hiyo ni kumrejeshea usiku wake.

Na tuseme wazi: kelele za kasuku saa 4 usiku hazina uhusiano na jini wala kijicho cha jirani. Ndege amechoka, taa imemzuia kulala, na njia pekee aliyonayo ya kusema ni mdomo.

Kufunika au kutofunika?

Wanaobishana hapa wote wana hoja. Kifuniko kinasaidia mahali ambapo taa haiwezi kuzimwa, tuseme nyumba ya chumba na ukumbi, au ghorofani Michenzani ambapo taa ya barabarani inamulika dirishani usiku kucha. Lakini kifuniko kisichofikiriwa ni hatari kwetu kuliko kwa watu wa nchi za baridi. Mwili wa ndege una joto la kawaida la nyuzi 40 hadi 42, hana jasho, anajipooza kwa kuhema. Ukamfunika blanketi usiku wa kaskazi, Januari au Februari, hewa imesimama na unyevu umejaa, umemtia ndani ya tanuri. Ukimkuta kaachama mdomo na mbawa kaziachia mbali na mwili, funua hapo hapo.

Inayofaa kwetu ni kanga. Chagua ya rangi nzito, pamba tupu, iliyokwishafuliwa mara nyingi ikalainika na isitoe rangi. Ifunike juu, mbele na ubavuni, na upande mmoja, ule unaotazama ukuta, uachwe wazi kwa hewa. Hakikisha hakuna nyuzi zinazoning'inia za kumnasa kidole. Na kanga haizuii sauti. Tundu lililofunikwa kando ya televisheni ni sawa na kumtia mtu chandaruani katikati ya soko la Darajani ukamwambia alale.

Ndiyo maana chumba kikipatikana mimi nakiweka mbele ya kanga. Wenye nafasi wawe na tundu la pili, dogo, lisilo na michezo wala vyombo vingi, katika chumba cha nyuma ambacho hakuna anayekitumia jioni. Ikiadhiniwa magharibi ndege anahamishiwa huko. Baada ya wiki chache wengi huanza kusubiri wenyewe mlangoni mwa tundu. Asiye na chumba, basi ukumbi wenyewe upunguzwe taa mapema, na televisheni isogezwe. Kama ndege amezoea kulala saa 5, usimrudishe saa 1 kwa usiku mmoja. Vuta nusu saa nusu saa kila baada ya siku mbili tatu.

Sauti za kila siku zisikutie wasiwasi sana. Adhana, mawimbi, feni, ndege huzizoea kama watoto wetu walivyozizoea. Zinazomrusha ni za ghafla: fataki, ngoma ya harusi inayoanza jirani, radi ya masika, jenereta linalowashwa umeme ukikatika. Hilo la jenereta lina ubaya wa pili. Wanaokumbuka miezi mitatu Unguja ilipokosa umeme, Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanaujua mngurumo ule na wanaijua harufu yake.

Harufu hiyo inatuleta kwenye jambo ambalo ningependa kila mwenye ndege alisome mara mbili. Hewa ndani ya mwili wa ndege hupita kwenye mapafu kwa mkondo wa upande mmoja, ikisaidiwa na mifuko ya hewa iliyotapakaa mwilini. Ni mashine bora kuliko yetu ya kuvuta hewa, na kwa sababu hiyo hiyo inavuta sumu upesi kuliko yetu. Wachimba makaa wa Uingereza waliwatumia chiriku migodini kuwatahadharisha na gesi mpaka mwaka 1986. Sasa fikiri jioni ya kwetu: udi na ubani kwenye chetezo, dawa ya mbu ya kuchoma inayofuka mpaka asubuhi, dawa ya kupuliza, sufuria isiyoshika chakula iliyosahauliwa jikoni ikapata moto mtupu. Hiyo ya mwisho huua ndege kwa dakika chache, na mwanadamu aliye chumba hicho hicho asihisi kitu. Udi hatuwezi kuuacha wala sisemi tuuache. Ndege ndiye aondoke kwanza, mlango ufungwe, na arudi moshi ukishaisha. Dawa ya mbu ya kuchoma isikae chumba anacholala hata usiku mmoja.

Na mbu wenyewe? Wanamsumbua, na ndio wanaoeneza ndui ya ndege kwa kuku na njiwa. Tundu livishwe chandarua, lakini kisichotiwa dawa, na kikae mbali na nondo ili asiweze kukitafuna.

Anaporuka gizani

Kuna usiku utasikia kishindo. Mbawa zinapiga nondo, vyombo vinaanguka, maganda ya mtama yametapakaa sakafuni. Huo ni mshtuko wa usiku, na kasuku wenye kishungi wa Australia ndio wanaojulikana zaidi kwa hilo, ingawa yeyote anaweza kushtuka. Ndege wa mchana haoni vizuri gizani. Kikimgusa kitu, panya akipita juu ya tundu au mwanga wa gari ukikatiza ukutani, kwake ni adui. Silika inamwambia ruka, na pa kurukia hapana.

Usiwashe taa kubwa ghafla wala usitie mkono. Mwite kwa sauti ya chini, ile anayoijua, uje na taa ndogo. Akishatulia juu ya kijiti mtazame mbawa na miguu. Unyoya mchanga uliovunjika hutoka damu nyingi kwa kimo chake. Bana kwa kitambaa safi, tia unga laini wa wanga, na damu isipokata mpeleke kwa daktari wa mifugo bila ya kungoja. Akiwa anarudia kushtuka, mwachie taa hafifu ya usiku mbali kidogo na tundu, inayomwezesha kuona kijiti tu. Hapa wanaosisitiza giza totoro wanakosea kwa ndege wa namna hii.

Kisha tafuta sababu. Paka, panya, ngawa, nyoka, siafu: tundu la barazani au uwani liko katika njia yao. Ndege wa kufugwa usiku alale ndani.

Sababu nyengine haionekani mchana kabisa, nayo ni utitiri mwekundu. Mchana wadudu hawa hujificha kwenye nyufa za kijiti na maungio ya tundu, usiku hutoka kunyonya damu. Ndege anajikuna, anahama kijiti kwa kijiti, asubuhi amepauka. Kuwagundua ni rahisi: funika tundu kwa kitambaa cheupe usiku, na alfajiri, kabla ya jua, kikunjue polepole karibu na dirisha. Tazama kwenye mikunjo. Ukiona vitone vidogo mno, vyekundu au vyeusi, vinavyotembea, umeshampata mwizi wa usingizi. Mtoe ndege, mwagia tundu maji yaliyochemka kila pembe, lianike juani, choma vijiti vya zamani. Ndege mwenyewe atibiwe kwa dawa atakayoitaja daktari, si kwa dawa ya kuulia mende.

Vijiti vipya kata kwenye mpera, viwe na unene tofauti tofauti, na kile cha kulalia kiwe cha juu kuliko vyote, maana ndege hupenda kulala juu. Vidole vikizunguka sehemu kubwa ya kijiti bila ya kukutana, unene huo unafaa. Chakula kizuri akipate alasiri. Ndege wadogo hujaza kile kifuko cha chini ya shingo kabla ya giza na hulala nacho.

Kusimama kwa mguu mmoja, kuingiza mdomo mgongoni, kututumua manyoya kidogo, kusaga mdomo taratibu kabla ya kulala, yote hayo ni dalili za ndege mwenye raha. Cha kukutia hofu ni ndege anayesinzia mchana kwa miguu yote miwili, manyoya yamefura, mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi, au aliyeshuka kulala chini ya tundu. Ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishe, kwa hivyo siku hiyo usimpe muda wa "tuone kesho". Wala asipewe dawa ya usingizi ya binadamu, hata chembe.

Ramadhani inataka mpango wake. Taa zinakesha, watu wanarudi tarawehe, jiko linawaka tena kwa daku. Tundu lihamishwe chumba cha nyuma kabla ya futari, na libaki huko mpaka jua litoke. Akisikia vyombo vya daku akaita, mwachie. Ukimpelekea tende usiku mmoja, kila usiku ataamka kuisubiri.